Mwongozo Kamili wa Utafiti Mdogo wa Usalama wa Mgonjwa: Kutoka Chati ya Dawa hadi Mafunzo ya Wodi

Wauguzi, matabibu na wakufunzi wengi katika hospitali za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe huanza utafiti wa usalama wa mgonjwa kwa ari, kisha kazi ikakwama, na inapokwamia ni palepale kila mara. Swali linakuwa pana kupita uwezo wa timu, kibali kinaombwa wakati data zimekwisha kukusanywa, watu wawili wanasoma chati moja na kuandika majibu mawili, na hatimaye inaitishwa semina ambayo haina uhusiano wowote na kilichoonekana wodini.

Mwongozo huu unafuata utafiti mmoja mdogo tangu mwanzo hadi mwisho: dozi za antibaiotiki za sindano ambazo mgonjwa aliandikiwa lakini hakuna ushahidi kwamba alipewa. Mada hii haihitaji mfadhili, kumbukumbu zake ziko tayari wodini, na inagusa eneo zito, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya madhara yanayozuilika katika huduma za afya yanatokana na dawa. Atakayeimudu ataweza kutumia njia hiyohiyo kwa unawaji mikono, vidonda vya kulalia au orodha ya ukaguzi ya chumba cha upasuaji.

Jambo moja lishikwe tangu sasa: mafunzo yanakuja baada ya kipimo. Semina inayotangulia kipimo huishia kwenye posho na picha ya pamoja.

## Vinavyohitajika

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza hatua ya kwanza.

- Timu ya watu wanne au watano: muuguzi wa wodi husika, daktari au tabibu, mfamasia, mtu anayeshughulikia takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), na angalau mmoja asiyefanya kazi katika wodi hiyo.
- Rejesta ya wodi, majalada ya wagonjwa walioruhusiwa na chati zao za dawa.
- Fomu ya kukusanyia data ya ukurasa mmoja, pamoja na karatasi ya maelezo ya namna ya kuijaza.
- Kompyuta moja yenye nywila. Programu yoyote ya bure ya kuingiza na kuchambua data inatosha. Anayependa kujaza fomu kwa simu anaweza kutumia KoboToolbox.
- Kabati lenye kufuli na mtu mmoja wa kushika ufunguo.
- Saa mbili kwa wiki zilizoingizwa kwenye ratiba ya zamu na kuidhinishwa kwa maandishi na muuguzi mfawidhi.

Kitu cha mwisho ndicho ambacho timu nyingi hukidharau. Utafiti unaotegemea muda wa kuibia baada ya zamu ya usiku haufiki mbali, na lawama humwangukia muuguzi aliyechoka, ilhali kosa ni la aliyepanga.

## Hatua ya 1: Punguza swali mpaka liingie kwenye sentensi moja

“Usalama wa dawa katika Nyanda za Juu Kusini” ni kichwa cha mkutano, nacho hakipimiki. Swali linalopimika hutaja wodi, wagonjwa, kipindi na kitu kimoja cha kuhesabiwa, kwa mfano hivi:

“Katika wodi ya upasuaji ya hospitali yetu, kwa wagonjwa watu wazima walioandikiwa antibaiotiki ya sindano kati ya Januari na Machi, ni sehemu gani ya dozi zilizopangwa haina ushahidi wa kutolewa ndani ya saa mbili kabla au baada ya muda wake?”

Lisome swali kwa mwenzako asiyekuwamo kwenye timu na umwombe akueleze atakwenda kuhesabu nini. Akijibu bila kukuuliza chochote, swali limekaa sawa.

## Hatua ya 2: Elezeni kwa maandishi dozi iliyorukwa ni ipi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo panaporukwa zaidi. Chukueni chati moja halisi ya dawa, ifunueni mezani na mtazame visanduku vyake. Kisanduku kitupu kinaweza kuwa na maana zisizopungua nne: dawa haikutolewa, ilitolewa na muuguzi akasahau kusaini, ilitolewa na mwanafunzi wa uuguzi na kuandikwa kwenye karatasi nyingine, au haikuwapo famasi na ndugu wa mgonjwa alikuwa ametumwa kuinunua nje. Chati yenyewe haiwezi kuwaambia ni ipi kati ya hizo. Kwa hiyo ni lazima mkubaliane kwamba mnachopima ni “dozi isiyo na ushahidi wa kutolewa”, na ripoti iseme hivyo hivyo, wala isiseme kwamba mgonjwa hakupewa dawa.

Kuna tatizo jingine ambalo mgeni hawezi kuliona. Chati nyingi hufuata saa ishirini na nne, lakini wapo wanaoandika saa kama tunavyoisema. Tarakimu 2 iliyoandikwa peke yake inaweza kumaanisha saa nane usiku kwa mfumo wa kwanza, au saa mbili asubuhi au usiku kwa mfumo wa pili. Kwa dawa ya kila baada ya saa nane, tofauti hiyo inatosha kuigeuza dozi iliyotolewa kwa wakati ionekane imerukwa. Amueni mapema kwamba saa isiyoeleweka inathibitishwa kwa kulinganisha na dozi iliyotangulia na iliyofuata, na ikishindikana inawekwa katika kundi la “haijulikani”.

Kisha amueni hesabu inaanza na kuishia wapi. Dozi zinazohesabiwa ni zile zilizopaswa kutolewa tangu dawa ilipoandikwa hadi iliposimamishwa, au mgonjwa aliporuhusiwa, kuhamishwa au kufariki. Msipoweka mipaka hiyo, mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi atahesabiwa kuwa amekosa dozi ya mchana.

Mnajua mmefanikiwa pale ambapo maelezo yote yameingia katika ukurasa mmoja na mtu mpya anaweza kuyatumia bila kumpigia simu aliyeyaandika.

## Hatua ya 3: Omba kibali kabla ya kugusa jalada

Andiko fupi la utafiti hupelekwa kwanza kwa Mganga Mfawidhi, kisha kwenye kamati ya maadili. Mbeya ina kamati ya kanda ya maadili ya utafiti wa tiba, na kibali cha kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo pia ina kituo chake jijini Mbeya. Timu yenye mtafiti kutoka nje ya nchi inahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Wengi hudai kwamba kazi yao ni ya kuboresha huduma tu na haihitaji kibali. Huenda wana haki, kwa sababu ukaguzi wa ndani unaobaki ndani ya hospitali hushughulikiwa tofauti na utafiti unaokusudiwa kuchapishwa. Hata hivyo, mwenye mamlaka ya kuamua hivyo ni kamati. Iandikie, ieleze mnachokusudia kufanya, na utunze jibu lake. Usitegemee kupewa kibali cha kurudi nyuma kwa data ambazo zimekwisha kukusanywa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inawahusu. Fomu yenu isibebe jina, namba ya simu wala kijiji cha mgonjwa, bali namba ya utafiti peke yake, na orodha inayounganisha namba hiyo na jalada ikae kabatini, mbali na kompyuta. Mkipanga kuwahoji wagonjwa wenyewe, karatasi ya ridhaa ya Kiswahili haitoshi kwa kila mtu. Bibi aliyetoka vijiji vya ndani vya Makete au milima ya Rungwe anastahili kuelezwa kwa Kikinga au Kinyakyusa, na anayemweleza asiwe mwanawe anayetaka wamalize haraka waondoke.

## Hatua ya 4: Jaribu fomu kwa wasomaji wawili

Chukueni majalada ishirini ambayo hayatatumika kwenye utafiti wenyewe. Watu wawili wayasome kila mmoja peke yake, bila kuonana wala kuulizana, kisha mlinganishe majibu yao kisanduku kwa kisanduku.

Tuseme majalada hayo yana visanduku 200. Wasomaji wote wawili wameona “imerukwa” katika visanduku 22 na “imetolewa” katika 148. Katika 16 wa kwanza peke yake ameona imerukwa, na katika 14 wa pili peke yake. Wamekubaliana mara 170, yaani asilimia 85, na timu nyingi hapo hupongezana na kuendelea. Msiendelee. Kwa kuwa visanduku vingi vimesainiwa, wasomaji hao wangekubaliana kwa bahati tu katika takribani asilimia 70. Kipimo kinachoondoa bahati hiyo, kiitwacho kappa, kinatoa 0.50 kwa mfano huu, na kwa kawaida hutafutwa kuanzia 0.6 kwenda juu.

Rudini kwenye vile visanduku 30 vyenye ubishi na mvijadili kimoja kimoja. Mara nyingi mtagundua kwamba ubishi wote unatokana na mambo mawili au matatu, kama saini isiyosomeka, mstari uliochorwa kuvuka siku nzima, au dozi ya kwanza iliyotolewa mapokezi. Rekebisheni ukurasa wa maelezo, kisha mjaribu tena kwa majalada mengine. Zoezi hili ndilo linalofundisha utafiti kuliko mhadhara wowote, na ningependa kila mwanatimu alipitie, hata yule ambaye hatakusanya data.

## Hatua ya 5: Chagua majalada bila upendeleo

Ukubwa wa sampuli hauhitaji kukisia. Mkitarajia kwamba dozi moja kati ya tano imerukwa, na mkataka jibu lisilopotoka zaidi ya asilimia 5 juu au chini, kanuni ya kawaida inatoa dozi 246. Lakini dozi za mgonjwa mmoja hufuatana tabia: aliyekosa ya jana ana uwezekano mkubwa wa kukosa ya leo. Kwa sababu hiyo, ongezeni hesabu hiyo mara mbili, mpate karibu dozi 500. Ikiwa mgonjwa wa kawaida ana dozi nane, majalada 62 yatatosha.

Andikeni orodha ya wagonjwa wote wanaofaa kutoka kwenye rejesta. Wakiwa 372, gawanyeni kwa 62 mpate sita, mchague kwa kura namba ya kuanzia kati ya moja na sita, kisha mchukue kila jalada la sita.

Tahadhari ni moja. Jalada lisipopatikana, msichukue lililo jirani nalo na kunyamaza. Majalada yanayokosekana hayapotei kwa bahati. Mara nyingi ni ya waliofariki, waliopewa rufaa, au wenye malalamiko ambayo jalada lake liko ofisini kwa mtu. Andikeni idadi yao na sababu, kwa maana huenda ndiyo yenye dozi nyingi zaidi zilizorukwa.

Hospitali inayotumia mfumo wa kielektroniki kama GoT-HOMIS itapata orodha kwa haraka zaidi, lakini hakikisheni kama utoaji wa dozi wodini unaingizwa humo au unabaki kwenye karatasi.

## Hatua ya 6: Kusanya data

Hatua hii ni fupi iwapo zilizotangulia zimefanyika vizuri. Msomaji mmoja ajaze fomu, na fomu moja kati ya kumi isomwe upya na mwenzake. Data ziingizwe kwenye kompyuta wiki hiyohiyo, kwa sababu swali kuhusu jalada lililorudishwa masjala mwezi uliopita ni gumu kupatiwa jibu.

Iwapo mtasoma pia chati za wagonjwa waliolazwa, wekeni kanuni kabla ya kuanza: mkusanyaji akiona mgonjwa aliyeko kitandani hana dozi iliyopaswa kutolewa, anaacha kalamu na kumjulisha muuguzi wa zamu papo hapo. Tukio hilo bado litahesabiwa kama lilivyokuwa. Hakuna takwimu inayostahili kusubiriwa huku mgonjwa akikosa dawa.

## Hatua ya 7: Hesabu, kisha gawanya

Tuseme dozi 90 kati ya 500 hazina ushahidi wa kutolewa. Hiyo ni asilimia 18, na kwa kuzingatia zile dozi zinazofuatana, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takribani asilimia 13 na 23. Andikeni namba zote tatu. Ripoti inayotaja 18 peke yake inamfanya msomaji aamini uhakika ambao haupo.

Namba ya jumla, hata hivyo, haimwambii mtu afanye nini kesho. Gawanyeni dozi hizo 90 kwa saa ya kutolewa, kwa aina ya dawa, kwa siku ya wiki na kwa siku ya kulazwa. Nyingi zikiangukia saa nne usiku, angalieni idadi ya wauguzi wa zamu ya usiku. Zikiangukia dozi ya kwanza, angalieni safari ya dawa kutoka famasi. Zikiwa za dawa moja tu, mwulizeni mfamasia kabla ya kumwuliza muuguzi.

## Hatua ya 8: Tafuta sababu bila kutafuta mtu

Kaeni na wauguzi wa wodi, mkiwa na chati chache zilizofichwa majina ya wagonjwa na saini za wahudumu. Swali la kuuliza ni “dozi hii ilikwamia wapi?” Ulizeni “nani alikuwa zamu?” mara moja tu, na chumba chote kitanyamaza, nanyi mtaondoka na majibu ya kupendeza yasiyo na kazi.

Mtakayoyasikia huwa ya kawaida kabisa: kanula ilivimba na hakukuwa na nyingine, mgonjwa alikuwa eksirei, chati ilikuwa mezani kwa daktari tangu raundi ya asubuhi, ndugu alikwenda mjini kununua dawa akakosa usafiri wa kurudi. Muuguzi mkongwe asikilizwe hadi mwisho, hata akizunguka, kwani yeye ndiye anayejua ni lini utaratibu ulibadilika na kwa nini. Pangeni sababu hizo kwenye mchoro wa mifupa ya samaki wa Kaoru Ishikawa, ambao kila mfupa wake ni kundi moja la sababu, kisha mhesabu kila moja imetajwa katika dozi ngapi.

Mafanikio ya hatua hii ni orodha ya sababu tatu za juu ambayo wauguzi wenyewe wanaikubali.

## Hatua ya 9: Jenga mafunzo juu ya sababu hizo

Jiulizeni kwanza kama sababu inaponyeka kwa mafunzo. Kutokuwapo kwa dawa famasi hakutibiwi kwa kumfundisha muuguzi, na ni dhuluma kumkalisha darasani kwa ajili hiyo. Gawanyeni orodha: yanayohitaji maarifa yaende kwenye mafunzo, na yanayohitaji utaratibu yaende kwa timu ya kuboresha kazi. Hapa Mbeya timu hizo si ngeni, kwani Hospitali ya Rufaa ilianza kutumia 5S, mbinu ya hatua tano za kupanga mahali pa kazi, mwaka 2007, na maneno Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia yameenea katika hospitali nyingi. Chati ya dawa kuwa na mahali pake kwenye toroli ni kazi ya “Seti”, wala haihitaji semina.

Kwa yale yanayofundishika, kipindi cha dakika 45 baada ya ripoti ya asubuhi kinatosha, kikirudiwa ili kila zamu ipate. Wape washiriki chati halisi zilizofichwa majina, wazisome, wazitafutie kasoro, kisha wajaze chati mpya kwa utaratibu mliokubaliana, pamoja na alama ya sababu pale dozi isipotolewa. Kinachofundishwa kisizidi mambo matatu.

Donald Kirkpatrick aligawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: washiriki wameridhika, wamejifunza, wamebadili utendaji, na matokeo yamebadilika. Mafunzo mengi hupimwa ngazi ya kwanza tu, kwa fomu inayouliza kama chakula kilikuwa kizuri. Ninyi mna fomu ya hatua ya 4, kwa hiyo mnaweza kupima ngazi ya tatu bila gharama ya ziada.

## Hatua ya 10: Pima tena, na ujilinde dhidi ya matokeo ya uongo

Tumieni fomu ileile, maelezo yaleyale na uchaguzi uleule wa majalada. Chagueni pia miezi inayofanana. Wodi ya Kyela wakati wa mvua za masika haifanani na wodi hiyohiyo mwezi Septemba, na wodi yenye wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo haifanani na ile waliyokwisha kuondoka. Wekeni asilimia ya kila wiki kwenye grafu na mchore mstari wa kati. Nukta sita au zaidi zikifuatana upande mmoja wa mstari, kuna kilichobadilika.

Hatari kubwa ni kwamba saini zitaongezeka bila dozi kuongezeka. Muuguzi aliyefundishwa kwamba kisanduku kitupu ni kosa anaweza kusaini visanduku vyote vya zamu kwa mkupuo. Linganisheni basi saini za wiki moja na vichupa vya dawa vilivyotoka famasi kwenda wodini, mkiondoa vilivyorudishwa na vilivyobaki kwenye toroli. Saini zikizidi vichupa, mafunzo yamefundisha kusaini. Mnaweza pia kushuhudia utoaji wa dawa kwa zamu chache, mkikumbuka kwamba mtu anayetazamwa hufanya kazi vizuri kuliko kawaida yake.

## Hatua ya 11: Kabidhi kazi

Mganga Mfawidhi apewe ukurasa mmoja wenye namba, sababu tatu na maombi yasiyozidi mawili. Kamati ya maadili ipewe ripoti ya mwisho kama kibali kilivyoagiza. Wodi ipewe grafu ibandikwe pale wauguzi wanapokabidhiana zamu.

Timu inayofuata ikabidhiwe fomu, ukurasa wa maelezo, ile mifano 30 ya visanduku vyenye ubishi na utaratibu wa kuchagua majalada, na angalau watu wawili wa timu ya kwanza wakae nayo mpaka ivuke hatua ya 4. Anayetoka katika timu ya kwanza akiwa amekusanya data tu, katika timu ya pili apewe uchambuzi, na aliyechambua apewe kazi ya kuandika andiko la kibali.